Mashini yenye ilikuwa bado inakujua

Vieux Ngoie,

Ni minyi, Clarisse wako, mwanafunzi mwenye kichwa nguvu. Tangu tulikuzika, kiti yako ku biro iko wazi. Bantu banapita pembeni yake tu. Minyi sikupanguza hata mavumbi ya meza yako, juu kwetu hatufagiake nyumba ya marehemu kabla kilio ya matanga iishe. Ulisema minyi njo nitabakia na mashini zote, kompyuta za biro. Aïe, Vieux, ulinibebesha muzigo!

Juma hii Mama Béa, secrétaire wetu, alibadilisha mot de passe, neno ya siri ya kufungulia mashini, juu ile ya zamani alikuwa ameisahau. Unamujua! Mashini yake ikakatala ile mupya. Inje, bamama na batoto mu mugongo balikuwa banangojea karatasi za kuzaliwa, banaguna. Chef, mukubwa wa biro, akasema, kama Clarisse anashindwa, tuite fundi wa Lubumbashi achukue nafasi yake. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya mashini.

Njo nikakumbuka sauti yako: "Usipige mashini, mwana. Uliza kwanza, nani njo anajibu?" Ulikuwa unasema vile na mukate mu kinywa, chai inamwangika ku clavier, pale pa kuandikia. Basi nikauliza. Serveur kubwa, yenye inachunga majina ya wafanyakazi wote, ilijua mot de passe mupya. Lakini mashini ya Mama Béa haikuwa inaiuliza. Ilikuwa inajibu na majibu ya zamani yenye ilijiwekea akiba, ile uliita cache.

Kwa kuhakikisha, nikauliza jina lako. Serveur ikasema haikujui, chef alikwisha kukufuta. Mashini ya Mama Béa ikajibu: Ngoie, iko.

Vieux, nililia mbele ya bantu. Biro yote, ni pale tu palibakia jina lako, na dawa ilikuwa moja: kufuta ile akiba yote, na weye ndani. Mukono ikakatala.

Mama Béa akanishika bega: "Mwana, kilio iliisha. Fagia."

Nikafuta. Akaandika mot de passe yake, ikapita, akapiga kigelegele mupaka bamama ba inje bakamuitikia. Nikauliza jina lako tena. Hakuna kitu.

Lala muzuri, Vieux wangu. Ninakupenda sana. Kesho nitapanguza kiti yako na nitaikalia. Na mutu akiuliza Ngoie alikuwa nani, mashini haitajibu tena. Minyi njo nitajibu.

Wafwako, asante.

Clarisse