Hodi kwa Watekaji

Jumatano usiku, Kibiti

Lakini nani alinifundisha kuingia nyumba ya watu kimya kimya kama mwizi?

Leo Shabani, mjukuu wangu, alinivisha tena vile vya masikioni vyenye kipaza sauti, tumalizie mchezo wake wa bunduki kwenye kompyuta. Mimi nabonyeza, yeye ananielekeza. Huu ni wa pili; ule wa kwanza tuliumaliza Idi iliyopita. Huu mtamu zaidi. Giza lake ni giza kweli, na adui anasikia hatua zako, hata sauti yako. Ila askari wanaotusaidia ni mizigo, wanasimama mlangoni kama wanangoja pilau. Na ukifa, unarudishwa mwanzo wa kazi nzima.

Tulibakiza chumba kimoja tu, mateka tunamsikia analia. Nikafika mlangoni, mdomo ukatangulia: "Hodi wenyewe."

Tukamiminiwa risasi.

"Babu, umewapigia hodi watekaji?"

"Ningejuaje kama mke wa mtu anavaa?"

"Wewe ukifa kweli, bibi namrithi."

"Hakutaki. Hujui hata kukuna nazi."

Nilicheka, lakini moyoni nimenuna. Basi lake la Dar ni alfajiri, na akienda hukaa huko mpaka naanza kumsahau sura. Nikaulaani mchezo usiohifadhi hata pale ulipofika.

Sasa hivi amechungulia chumbani kwangu. Anasema ataondoka na basi la jioni, kazi ile ya mateka hawezi kuiacha imeharibika.

Basi, kosa hilo la mchezo nimelisamehe. Waliouunda wana akili sana.