Kiti cha Wazee

Mashimoni, Kibera
24 Novemba 2007

Sista Nzilani,

Niaje? Natumai chuo hakijakumaliza, na shangazi Katunge anaendelea vizuri na miguu yake. Sisi huku tupo, tunapumua vumbi na kampeni. Mwaitu alipiga simu kutoka Machakos, anauliza kama binti aliyemzaa bado anakula.

Bahasha hii anakuletea Mercyline, jirani yangu anayeuza mboga huko kwenu Kawangware. Ndani kuna kurasa za viti vya magari, na Kiingereza chake ni kigumu. Unamkumbuka Bwana Kavoi, mwenye lile gari jekundu la milango miwili? Siku za kazi huenda nalo ofisini, Jumapili hulikimbiza kwenye mashindano pale Jamhuri. Anataka viti vipya vya mbele: visimchoshe mgongo, aingie na kutoka bila kulitesa goti lake bovu, na kwenye kona vimshike asiteleze. Kaniachia mimi fundi wake nichague. Vikimpendeza, nitasimamia kazi yote ya viti katika karakana yake mpya. Nitahama huku, Nzilani.

Nimebakiwa na aina mbili. Ya kwanza ni ganda moja gumu, halilali nyuma, na kingo zake zinapanda hadi mbavuni. Ya pili ina sponji nene, inalala, inasogea mbele na nyuma, na kingo zake ni fupi. Baba alitufunza kwamba kiti huchaguliwa na matako, si macho. Basi nimevikalia vyote dukani mpaka mwenye duka akaniuliza, "Boss, umehamia?" Matako yangu yanasema cha sponji. Wewe msomi unasemaje?

Kaka yako,
Munyao

*

Kawangware 46
28 Novemba 2007

Kaka Munyao,

Salamu zimefika, na sukuma wiki ya Mercyline pia. Shangazi amevimba miguu lakini mdomo ni mzima. Mwambie Mwaitu ninakula.

Nimezisoma kurasa zote. Matako yako yamekosea. Kile cha sponji ni kiti cha wazee wanaopelekwa harusini. Ulaini si starehe, kaka. Sponji hukubembeleza dukani, lakini ukishaendesha kwa muda mgongo unatafuta pa kuegemea na haupati. Ganda linaloufuata uti wa mgongo halichoshi, hata likiwa gumu. Na kwenye kona, zile kingo ndizo zitakazomshika nyonga na mbavu. Bila hizo atakuwa ananing'inia kwenye usukani badala ya kuuzungusha. Tena ni jepesi, mtu mmoja analibeba.

Kuhusu goti, ndiyo, atapata taabu kuuvuka ule ukingo. Lakini mtu huingia garini mara moja, hukaa njia nzima. Chagua kwa ajili ya njia.

Najua ninaandika kama mtu anayegombana. Sijui kushauri kwa namna nyingine. Nataka utoke Mashimoni, na kulitaka jambo hilo kunaniuma kama jino.

Mdogo wako,
Nzilani

*

Mashimoni
22 Desemba 2007

Sista,

Krismasi njema kwako na kwa shangazi, na Mungu awape afya. Mimi ni mzima, ila nalala vibaya, na wewe ndiwe chanzo.

Ulinishinda, viti vya ganda vimefika. Bwana Kavoi aliuvuka ule ukingo akiguna kama ng'ombe anayezaa. Alipokaa aliuegemeza mgongo. Akafumba macho, akasema, "Aliyechagua hiki ana akili." Nikamwambia ni mdogo wangu. Amesafiri sasa, tutavifunga garini kura zikishapita. Kwa hiyo viko chumbani kwangu, vimekula nafasi ya godoro, nami nalala nimekaa. Mercyline akipita anagonga mlango: "Dere, nishushe hapo mbele!"

Januari nitakuja huko na habari za kazi.

Kaka yako,
Munyao

*

Kawangware 46
3 Januari 2008

Kaka,

Uko hai? Leo sina salamu nyingine.

Kredo imekwisha katika maduka yote na simu yako haiingii. Huku, tangu matokeo ya kura yatangazwe, watu wanaulizana majina ya ukoo wakiwa wamesimama mlangoni na panga. Mercyline amekuja kwa mguu kuulizia jamaa zake, anasema moto umefika kwa majirani zako. Anarudi kwa watoto wake, nimemwomba akupe hii. Toka humo. Viache viti. Viti ni vya Kavoi, wewe ni wa Mwaitu.

Mdogo wako

*

Mashimoni
5 Januari 2008

Sista,

Tuko hai, na nakushukuru kwa kuuliza. Shangazi asitoke nje.

Siwezi kuviacha. Vikiungua, kazi imeungua navyo, na nitabaki hapa hapa maisha yangu yote. Kimoja Mercyline amekificha kanisani kwao. Cha pili nitakibeba mimi. Kukitulia nitafuata reli hadi Jamhuri, watu wanapokelewa pale. Hema zimepigwa pale pale Kavoi anapokimbizia gari, hebu fikiria.

Ulisema kweli, ni chepesi. Nimekijaribu mgongoni, mikanda yake nimeivaa mabegani kama mtoto wa shule. Hata kukimbia naweza.

Kaka yako,
Munyao

*

Kawangware 46
19 Januari 2008

Kaka Munyao,

Popote barua hii itakapokukuta, ikukute unapumua.

Nilikwenda Jamhuri. Nimepita hema kwa hema nikiulizia mtu mwenye kiti. Mama mmoja akaniambia, "Binti, hapa nani ana kiti?" Watu wakacheka kidogo, nami nikacheka nao, kisha nikashindwa kuacha.

Mercyline anakutafuta. Mpe neno moja tu aniletee.

Mdogo wako

*

Wodini
14 Februari 2008

Sista,

Sijambo ya mdomoni tu. Shangazi je?

Mercyline alinipata mapema, nikamwapisha asikwambie mpaka nitakapoweza kuandika. Siku ile nilifika karibu na reli. Maduka yalikuwa yamevunjwa, watu wanakimbia na magodoro na televisheni, na mimi nakimbia na kiti kipya mgongoni. Nikasikia, "Mwizi! Weka chini!" Ningekitupa, lakini nilikuwa nimejifunga. Nikawa nahangaika na vishikizo, nigeuke, niwaeleze kwamba hii ni kazi yangu. Sikumwona aliyepiga. Risasi ilitoboa ganda kama karatasi, ikaingia kiunoni. Kutoka hapo kwenda chini si mimi tena.

Bwana Kavoi ameuza gari, amehamia ng'ambo. Alituma pole.

Usije.

Munyao

*

Kawangware 46
26 Februari 2008

Kaka,

Nilikuja. Ukageukia ukuta. Nilisimama pale hadi muuguzi akanitoa.

Sikuandikii pole, neno hilo umeshaletewa na Kavoi. Nakuandikia ninachokijua. Kiti cha magurudumu cha wodi kimelegea katikati. Kitakupinda mgongo na kukutoa vidonda usivyovisikia. Unahitaji mgongo mgumu, na kingo za kukushika mbavu, kwa sababu kiwiliwili chako hakijishiki tena. Ulipokuwa umelala nilikupima kwa macho. Nimeongea na fundi wa kuchomelea hapa 46, anaweza kulifunga kwenye magurudumu lile ganda lililobaki kanisani. Litakutosha kana kwamba lilitengenezwa kwa ajili yako.

Niruhusu nifanye hili. Sijui kufanya jingine.

Mdogo wako,
Nzilani

*

Wodini
3 Machi 2008

Sista,

Shangazi apone miguu. Redio imesema wakubwa wameshikana mikono. Wodi ilipiga makofi, walioweza.

Barua yako nimeisoma. Uko sahihi, kama kawaida yako. Ningekaa vizuri, nisingeteleza. Lakini uliniambia mtu huingia mara moja, hukaa njia nzima. Mimi sasa sina njia. Nina kuingia na kutoka tu: kitandani, kitini, chooni, kitini, na kila mara watu wananibeba. Jumamosi Mwaitu ananichukua Machakos. Kule atanibeba peke yake. Ule ukingo atanivushaje?

Nitafutie kile cha wazee.

Kaka yako,
Munyao