Televisheni ya Betri ya Lori

Aabo mpendwa,

Salaam aleikum, baba yangu. Nakusalimu kama tunavyowasalimu wote tukipita kando ya makaburi, bila kungoja jibu. Leo ni Jumapili, jua bado liko juu, na nimekaa mbele ya televisheni iliyozimwa. Yusuf, mwanao, alipaswa kufika juzi kutoka Moyale na lori lako. Hajafika. Hakuna dereva aliyemwona Marsabit, au yupo na hataki kutuambia. Ninaogopa, Aabo. Nakwambia wewe kwa sababu nikimwambia Hooyo, mama yetu, nitamwongezea hofu yake mwenyewe.

Nimekuwa nikikumbuka ulivyoileta televisheni ya kwanza. Upande wetu wa mji haukuwa na stima, kwa hiyo ulifungua betri ya lori, ukaiweka sebuleni juu ya gunia ili asidi isichome mkeka wa Hooyo, ukaunga nyaya. Picha ilikuja imejaa chenga. Yusuf alisimama nje akiuzungusha mlingoti wa antena kuelekea Mlima Kenya, sisi tukipiga kelele dirishani, "Hapo, hapo, usiguse." Ndivyo Marekani ilivyoingia kwetu, bila rangi, ikitetemeka, ikinuka asidi kidogo.

Ulizipenda zile filamu za zamani kuliko sisi, ila kunyamaza ndiko kulikokushinda. Mwanamume mwenye kofia anaendesha gari, amemgeukia mwanamke aliye kando yake, anampa maneno matamu, mkono unayumbisha usukani kushoto na kulia ilhali barabara nyuma yao imenyooka. "Huyo si dereva, huyo ni bwana arusi," ulisema. "Angekuwa njia ya Moyale, sahi tungekuwa tunamtoa kwa mtaro." Kisha ukatueleza kwamba gari limesimama tu, barabara ndiyo inayopitishwa nyuma yao. Nilidhani mtu akishajua hivyo ataacha kutazama. Wewe ulizidi kusogea karibu. Walipobusiana ulikohoa, ukauliza kama mbuzi wamefungiwa.

Hooyo alikaa pembeni, mgongo nusu kwenye kioo, akichambua mchele. Ningeapa haoni wala hasikii chochote.

Iko filamu moja ambayo haijanitoka. Mwanamume anavuka nchi kame na gari la farasi, amepeleka unga mbali, na mkewe kila jioni anaweka taa dirishani. Uliwatazama wale farasi ukasema hawajanywa maji tangu jana. Tulikuwa tumefika pale mke anaposikia mlio nje na kuinuka, dereva mwenzako akapiga honi mlangoni. Msafara wa malori na polisi ulikuwa unapangwa beria, penye kizuizi cha barabara, na anayechelewa anaachwa. Ulichukua koleo, ukafungua nyaya. Picha ikajikunja ikawa kitone, kikafa. Nililia.

"Anarudi," ukaniambia, betri mkononi.

"Umejuaje?"

"Mzigo ameshusha, gari iko tupu. Atakaa huko afanye nini?"

Ukatoka, ukaenda na njia yako.

Tangu siku ile nikaanza kuielewa nyumba yetu. Televisheni ikiwaka, wewe upo. Ikiwa giza, betri iko barabarani nawe uko nayo, mahali fulani baada ya Laisamis, na mashifta wanaoteka malori wako hukohuko. Jirani alijitolea kutupa betri yake tutazame ukiwa safarini. Hooyo alimshukuru, akampa chai, akaikataa. Baadaye akaniambia, "Hiyo kitu haiwaki kama mwenye betri ako njiani." Nikitoka madrasa nilikuwa naangalia kile kioo kwanza, kabla ya kusalimia mtu.

Na wewe, alhamdulillahi, barabara haikukuchukua. Ulifia kitandani, kwa ugonjwa wa kifua, sisi sote tukiwepo. Yusuf akashika usukani. Stima ilipofika upande wetu akanunua televisheni ya kuchomeka ukutani, akamwambia Hooyo sasa atazame kila siku bila kungoja betri ya mtu. Hooyo akajibu, "Sawa, mwanangu," na kila Yusuf akiondoka yeye anaifunika kitambaa mpaka arudi. Yusuf humtania kwa hilo. Mimi simtanii.

Leo mchana watoto wa jirani wameniita kupitia uani kwamba kuna filamu ya zamani, ya farasi. Hooyo alikuwa jikoni. Nikavuta kitambaa, nikawasha. Aabo, ni ileile. Mke anaweka taa dirishani. Nilitaka kumwona mumewe akirudi, nilitaka kama nilivyotaka nikiwa mdogo, na papo hapo nikaogopa kwamba pengine ulikosea, kwamba harudi, na mimi nitakuwa nimelijua hilo siku ya leo. Mlio ukasikika nje ya nyumba yake. Akainuka.

"Zima," Hooyo akasema nyuma yangu. Sikuwa nimemsikia akija. Mikono yake ilikuwa na unga. "Baba yako alisema huyo anarudi. Mzigo ameshusha, gari iko tupu."

Maneno yako yaleyale, Aabo. Miaka yote hii nilidhani anachambua mchele.

Nimezima. Kitambaa amekirudisha mwenyewe, akaenda kupika chakula cha watu watatu. Mwisho wa filamu umepita bila sisi, na nimewaomba watoto wa jirani wasituambie. Kila lori linapobadilisha gia kule beria tunatega sikio wote wawili. Likishapita, naye anaongeza maji kwenye sufuria.

Mungu akupe nafasi huko uliko, Aabo, na amfikishe Yusuf. Akishuka kwenye lori, kitambaa nitakivuta mimi.

Binti yako, aliyekaa karibu na swichi