Shangazi Ameisugua Sarafu ya Babu

Shoga, bado nacheka peke yangu!

Si unajua Baba Mdogo alivyong'ang'ania iuzwe ile sarafu ya kale aliyotuachia babu? Leo katuburuta mimi na Shangazi hadi kwa mtaalamu wa sarafu za kale.

Mtaalamu kaitazama kwa lenzi, kasema ni ya Kirumi kweli, ya fedha. Baba Mdogo meno yote nje. Mara yule bwana akashtuka: "Nani ameisugua hivi?!"

Shangazi, ametulia kama maji ya mtungi: "Mimi, mwanangu. Kwa majivu na dawa ya meno."

AMEISUGUA, shoga! DAWA YA MENO!

Mtaalamu akatikisa kichwa: "Mama, umeiharibu. Hakuna atakayeinunua."

Baba Mdogo akakaa chini, kashika kichwa.

Tulipotoka, Shangazi akaninong'oneza: "Niliulizia kwanza nini kitaiharibu. Sarafu ya baba yangu haiendi kokote."