Usitume Tena Sigara, Jubilate

Katumba Songwe,
21 Juni 1998

Mdogo wangu Jubilate,

Ugonile? Natumaini huko Dar es Salaam bado mnapumua. Sisi tu wazima, mpunga umevunwa, ni goti langu la kushoto tu linalojifanya bwana. Salamu zimekwisha. Sasa kaa chini, nakugombeza.

Ulinikabidhi mwanao Lazaro nimpeleke hospitali kila asubuhi, anywe dawa ya kuachana na unga wa kulevya uliomwingia alipokuwa utingo wa malori. Nampeleka. Muuguzi Rukaya akatueleza kwamba sigara nayo iachwe, maana Lazaro alikuwa anavutia unga humo humo ndani ya sigara. Akishika moja, mkono unatafuta na unga. Mwenyewe akakubali. Wewe je? Ukaandika kwamba sigara haina neno, tumwachie hiyo starehe moja, ukashindilia paketi sita kwenye furushi la mitumba! Tangu nchi ifungue biashara mnatuma kila kitu, hata kifo mnakifunga kwa karatasi ya kung'aa. Wewe umefika darasa la saba, mimi la tatu. Mjinga nani hapo?

Bahati yako, kwetu kijana hafungui mzigo kabla ya mkubwa wa nyumba. Nilifungua mimi. Nikamwambia Lazaro nimezitupa mtoni Songwe. Akasema ndaga, asante mjomba, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Sikuzitupa. Nilizivuta mimi, Jubilate, nyuma ya kichanja cha kakao, moja moja, huku nikikutukana wewe. Alhamisi Lazaro alikuja kugeuza kakao, akanikuta moshi unanitoka puani. Akashika njia ya Kasumulu, kwa wale waliokuwa wakimuuzia. Nikamfuata na goti hili hili. Nilimkuta kando ya daraja, hajanunua kitu. Akaniambia nisimsogelee, nanuka sigara. Nikakaa hatua kumi, kama mbwa aliyefukuzwa jikoni, hadi aliponyanyuka mwenyewe tukarudi.

Ijumaa nilipanga foleni ya hospitali pamoja naye, nami niache sigara. Rukaya alicheka mpaka akashika meza, kisha akaliandika jina langu chini ya la Lazaro. Leo siku ya tatu sijavuta. Nikinyamaza sana, mwanao ananimenyea muwa nitafune. Hasira yote uliyoisoma humu, nusu ni yako. Nusu ni ya kukosa sigara.

Furushi lijalo weka peremende. Msalimie jirani yako Athumani, mvutaji mwenzangu wa zamani, ila kiberiti chake abaki nacho.

Ni mimi kaka yako, mwenye meno manne na sigara sifuri,

Ambilikile