Tochi ya Kusindikizia Wageni

Mjukuu wangu Rehema,

Shikamoo yako nimeisoma, na marahaba yangu ikufikie huko Mikumi. Hapa Kidete hatujambo. Mama yako amemaliza kupalilia mahindi, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza ununue tochi gani ya kusindikizia wageni vyumbani hapo kwenye kambi ya watalii unayofanyia kazi, maana muuzaji anakusifia ile yenye mwanga mkali kuliko zote. Chukua inayowashwa kwa kidole gumba, yenye kamba ya kuvaa mkononi, na iwe na mwanga mdogo pia.

Nilipokuwa msichana, jioni moja nilitumwa stesheni kumpokea mjomba. Nikabeba tochi ya kaka, ya betri tatu, nikawa nammulika usoni kila aliyeshuka. Wote wakajifunika macho. Mzee mmoja akajikwaa, mzigo wake ukaanguka. Nikasema haraka, "Shikamoo!"

Akauliza, "Nimwitikie nani? Hiyo tochi?"

Kwa aibu nikaigeuza, nikajimulika mwenyewe. Akacheka. "Kumbe ni wewe! Marahaba, mwanangu." Alikuwa mjomba niliyekuwa namtafuta.

Kwa hiyo wageni wamulikie njia, miguuni mwao. Mwanga mkali utumie kutazama mbali, kama kuna mnyama.

Na ukija likizo ukanikuta uani giza limeingia, usinimulike. Mimi utanijua kwa sauti. Jimulike wewe. Miezi saba sijauona uso huo.

Bibi yako