Visanduku vya Kijivu

Shoga, nimejifungia bafuni kwa mama. Unajua baba ndiye mtunzi wa chemshabongo ya jarida la walimu wastaafu, na mama huijaza bila kuacha hata kisanduku.

Leo kamwambia, "Mke wangu, ukimaliza soma visanduku vya kijivu, kuna ujumbe wako." Akavaa kofia, akatoka.

Mimi nikachungulia, nikamalizia kichwani kabla yake. NIMEOA TENA.

Nimeoa tena, shoga. Mzee anayeogopa sindano kaituma chemshabongo imsemee.

Nikamwomba mama tupumzike. "Pumzika wewe mvivu, mimi nakaribia."

Sasa anagonga mlango taratibu. "Toka, mwanangu. Limebaki neno moja, nalo sitaki kuliandika peke yangu."